butt, Icecast na Yamaha MG10XU: seti ya redio ya mtandaoni, kuanzia kwenye maiki hadi kwa msikilizaji

Anayefungua redio ya mtandaoni humaliza hela kwenye vifaa vya mezani, ilhali programu zinazopeleka sauti hewani hazimgharimu hata shilingi. butt ni programu ya bure ya Windows, macOS na Linux. Kazi yake ni moja: kuchukua sauti kutoka kwenye kompyuta, kuibana, kisha kuipeleka kwenye seva. Icecast, ya shirika la Xiph.Org, nayo ni ya bure. Inakaa kwenye seva ya kukodi, inapokea mkondo mmoja, yaani sauti inayotiririka mubashara, kutoka studio na kuwagawia wasikilizaji. Hapa tunazipima zote mbili zikiwa zimeunganishwa na miksa ya Yamaha MG10XU, ambayo studio nyingi ndogo hununua kwa sababu ina USB yake yenyewe. Hukumu tuitoe mapema: programu hizi mbili ni imara kuliko wengi wanavyodhani. Matangazo yanapoanguka, lawama mara nyingi iwe kwa swichi moja ya miksa, au kwa mistari michache ya faili la Icecast ambayo hakuna aliyeigusa tangu seva iwashwe.

Tuanze na miksa. MG10XU ina matundu 4 ya maiki ya XLR, kompresa (kifaa kinachosawazisha sauti kubwa na ndogo) ya nobu moja kwenye chaneli 1 na 2, na kichujio cha kukata mvumo wa chini kuanzia hezi 80. Kwenye studio ya mtangazaji mmoja na mgeni mmoja, hizo chaneli mbili za kwanza ndizo za kuchomeka maiki. Bonyeza kichujio cha hezi 80 kwenye kila chaneli ya maiki, maana feni, jenereta ya jirani na miguu inayogonga meza vyote vinaishi huko chini, na hakuna sauti ya mtu itakayopungukiwa. Kompresa iguse kidogo tu, robo ya mzunguko inatosha. Ukiizungusha hadi mwisho, pumzi za mtangazaji zitapanda juu sawa na maneno yake. Maiki ya dainamiki kama Shure SM58 haihitaji umeme wa volti 48 ambao miksa huupeleka kwenye maiki kupitia kebo. Swichi hiyo ni moja kwa matundu yote ya XLR, kwa hiyo iache imezimwa mpaka utakapoleta maiki ya kondensa.

Sasa ile swichi yenye kesi. Chaneli 9/10 ndiyo inayopokea sauti inayorudi kutoka kwenye kompyuta kwa USB, na pembeni yake kuna kitufe kilichoandikwa TO MON na TO ST. Kikiwa TO MON, muziki wa kompyuta unasikika kwenye hedifoni na spika za studio tu. Kikiwa TO ST, muziki huo unaingia kwenye mchanganyiko mkuu, na mchanganyiko mkuu ndio unaorudi kwenye kompyuta kwenda butt. Ukitumia kompyuta moja kupiga nyimbo na kurusha, lazima kiwe TO ST, la sivyo mtangazaji atacheza na wimbo studioni huku msikilizaji wa Muscat akisikia kimya kitupu. Lakini kikiwa TO ST, kila kinacholia kwenye kompyuta kinakwenda hewani: mlio wa barua pepe, tangazo la tovuti iliyojifungua, na baya kuliko yote, mkondo wenu wenyewe. Mtu akifungua ukurasa wa redio kwenye kompyuta hiyo ili "ahakikishe tuko hewani", sauti inatoka butt, inakwenda Icecast, inarudi kwenye kivinjari, inaingia USB, inaingia chaneli 9/10 na kurushwa tena. Kwa kuwa njia hiyo huchukua sekunde kadhaa, haisikiki kama mlio wa spika na maiki kukaribiana. Inasikika kama mwangwi wa sentensi nzima: mtangazaji amesema "karibuni tena", sekunde kumi na tano baadaye "karibuni tena" inapita juu ya habari, kisha tena, kila mara ikiwa na sauti chafu zaidi. Dawa ni kukagua hewa kwa simu yenye hedifoni na bando lake, kamwe si kwa kompyuta ya kurushia. Zima pia milio yote ya Windows, na hakikisha kisanduku cha kusikiliza kifaa cha kurekodia kwenye mipangilio ya sauti hakina alama ya vema, maana hicho kikiwashwa mzunguko hufungika papo hapo na vumo huanza bila kusubiri.

Kwenye Windows, weka kwanza draiva ya Yamaha Steinberg kabla ya kuchomeka USB; Mac inaitambua miksa yenyewe. Kisha linganisha namba moja, ya sampuli za sauti kwa sekunde, sehemu tatu: mipangilio ya draiva, mipangilio ya sauti ya Windows upande wa kurekodi, na ukurasa wa Audio ndani ya butt. Zote ziwe 44100, au zote ziwe 48000. Zikipishana, kuna siku sauti itapita vizuri na kuna siku itakwaruza kama redio ya mbao isiyoshika stesheni, na fundi atamaliza saa nzima akibadilisha kebo zisizo na kosa. Chomeka USB moja kwa moja kwenye laptopu, si kwenye habu ya bei rahisi yenye flashi na chaja ya simu. Zima pia usingizi wa USB kwenye mipangilio ya umeme, kwa sababu Windows hupenda kuzima tundu inaloliona kama limetulia.

butt yenyewe inasanidiwa kwa dakika tano. Fungua Settings, ongeza seva, chagua Icecast, andika anwani, poti 8000, nenosiri la kurushia, jina la mkondo kama /redio, na jina la mtumiaji ambalo kwa kawaida ni source. Kosa la kwanza la karibu kila mtu ni kuandika http:// mwanzoni mwa anwani. Hapo panataka jina la seva au namba yake tu. La pili ni kutumia jina la tovuti lililopitishwa Cloudflare, huduma inayokaa mbele ya tovuti kuilinda. Huduma hiyo haipitishi poti 8000, kwa hiyo butt itabaki inajaribu kuunganisha mpaka jioni. Tengeneza jina dogo la pembeni lisilopita huko, au tumia namba ya seva moja kwa moja. Na kwenye seva, ukuta wa moto uruhusu 8000/tcp.

Kodeki, yaani namna ya kuibana sauti, ndiyo sehemu inayozua ubishi mwingi kuliko inavyostahili. butt inatoa MP3, AAC, Ogg Vorbis, Opus na FLAC. Kwa sikio, Opus inashinda kwa kilobiti chache, hilo halina ubishi. Ila baadhi ya simu na vivinjari vina matatizo na mikondo ya Ogg, hasa pale jina la wimbo linapobadilika katikati, kwa hiyo ukiichagua peke yake umewafungia mlango baadhi ya wasikilizaji wako. MP3 inafunguka kila mahali, hata kwenye redio ya gari yenye intaneti. Kwa kituo cha mazungumzo, mahubiri au mawaidha, MP3 ya mono kilobiti 64 inasikika safi. Kwa muziki, weka stereo kilobiti 128. Anayetaka muziki mzuri kwa bando dogo atumie AAC ya aina ya HE kwa kilobiti 64. MP3 ya stereo kwa kilobiti 64 iache kabisa. Matoazi hugeuka kuwa maji yanayochemka.

Hesabu ya data ifanyike kabla ya kununua chochote, kwa sababu hapa ndipo bajeti nyingi hufia. Kilobiti 64 kwa sekunde ni megabaiti 28.8 kwa saa. Hiyo ndiyo studio inayotumia kupandisha, iwe una msikilizaji mmoja au elfu moja, kwa sababu studio inapeleka mkondo mmoja tu. Saa 24 ni takribani megabaiti 691, mwezi wa siku 30 ni karibu gigabaiti 21. Kwa kilobiti 128 zidisha mara mbili. Upande wa seva mambo ni mengine: wasikilizaji 100 kwa kilobiti 64 ni megabiti 6.4 kwa sekunde na gigabaiti 2.88 kwa saa. Wakikaa hewani mwezi mzima bila kuondoka, ni zaidi ya terabaiti 2. Ndiyo maana Icecast haikai kwenye kompyuta ya ofisini iliyounganishwa na ruta ya laini ya simu. Inakaa kwenye seva ya kukodi yenye kifurushi kikubwa cha data, na yenyewe haina tamaa ya nguvu. Gigabaiti 1 ya RAM inatosha kwa mamia ya wasikilizaji.

Viwango vya sauti: nobu ya gaini ya kila maiki ipandishwe mtu akiongea kwa sauti yake ya hewani, si ya majaribio ya "moja mbili, moja mbili", maana kila mtu huongea kwa nguvu zaidi taa nyekundu ikiwaka. Kwenye mita ya butt, vilele vifike karibu na -6 na visiguse sifuri. Ndani yake kuna ekwalaiza na kompresa. Kama ile ya miksa imewashwa, hii ya butt iwe nyepesi, uwiano wa 3 kwa 1 tu. Kompresa mbili nzito zikifuatana, kimya kati ya maneno kinajaa mvumo wa feni unaopanda na kushuka kama mtu anayehema.

Kuna jambo moja ambalo butt inalifanya vizuri sana na wengi hawalijui: inarekodi wakati inarusha, na rekodi inaweza kuwa na kodeki yake tofauti na mkondo. Rusha kilobiti 64, rekodi kilobiti 192, na kipindi cha marudio kinakuwa kisafi kuliko kilichosikika mubashara. Weka tarehe na saa kwenye jina la faili ili kipindi cha leo kisikanyage cha jana. Kinyume chake, kipengele cha kusimamisha matangazo chenyewe pakiwa kimya kitumiwe kwa tahadhari. Kinafaa kwa msikiti au kanisa linalotaka mkondo uanze wenyewe maiki ikiwashwa. Lakini sala ya kimya, au msomaji anayepumzika kirefu kati ya aya, vinaweza kuukata mkondo katikati ya ibada. Muda wa kimya uwe dakika kadhaa, si sekunde kumi.

Upande wa Icecast, kwenye Debian na Ubuntu kifurushi kinaitwa icecast2 na faili la kushughulikia ni /etc/icecast2/icecast.xml. Nenosiri la mfano lililozoeleka ndani yake ni hackme. Lilivyo ndivyo linavyosomeka: wapo wanaozunguka mtandaoni kutafuta seva ambazo halikubadilishwa, na siku moja kituo cha kaswida kinaamka kinapiga muziki wa mtu wa bara jingine. Badilisha yote, la kurushia, la relay (seva nyingine inayorudia mkondo wako) na la msimamizi, na yasifanane. Kisha nenda kwenye sehemu ya limits. Idadi ya clients, yaani wanaounganishwa kusikiliza, inayokuja na mfano ni 100, maana yake msikilizaji wa 101 anakataliwa mlangoni, na mara nyingi ni siku ya msiba mkubwa au mechi, siku ambayo ungetaka asikataliwe. sources, yaani mikondo inayoingia, ni 2. Ukiwa na mkondo mkuu na wa akiba, umejaza. Ukiongeza wa tatu wa AAC, butt itakataliwa ingawa nenosiri ni sahihi, na utatafuta kosa mahali ambapo halipo.

Namba nyingine ni burst-size, baiti 65535. Huo ni mzigo wa kwanza ambao msikilizaji anapewa kwa mkupuo ili sauti ianze haraka. Kwa kilobiti 64 ni sekunde 8 za sauti, kwa 128 ni kama 4. Ongeza na bafa ya simu yake, na utaelewa kwa nini msikilizaji yuko nyuma ya studio kwa sekunde kumi hadi thelathini. Kwa nyimbo haijalishi. Kwa kutaja saa inajalisha: "sasa ni saa mbili kamili" inafika kwa wengine saa mbili na sekunde thelathini. Na mwezi wa Ramadhani, anayefungua swaumu kwa adhana ya redio ya mtandaoni anafuturu akiwa amechelewa, huku mwenye kula daku akisubiri adhana hiyo hiyo ndiye aliye hatarini. Kituo cha dini kisitegemee mkondo kutangaza wakati. Kitaje dakika kwa mdomo mapema. Kupunguza burst-size kunasaidia kidogo, ila anayesikiliza kwa laini ya simu inayosuasua ataanza kukatiwa katiwa.

Kukatika kwa intaneti ya studio ni jambo la kila siku, na hapa kuna mchezo mdogo kati ya programu hizi mbili. Laini ikikata ghafla, butt ikishagundua inaanza kujiunganisha tena. Icecast haijui. Inaendelea kumsubiri mrushaji wa zamani mpaka source-timeout iishe, kwa kawaida sekunde 10, na katika muda huo butt inajibiwa 403, kwamba mkondo una mtu. Wengi wakiona hivyo hufunga programu, wakawasha upya kompyuta, wakapiga simu kwa mwenye seva. Hakuna haja. Weka muda wa kujiunganisha tena uwe sekunde 5, tulia, jaribio la pili au la tatu litapita. Usishushe source-timeout hadi 2 au 3, maana mtandao wa simu hupumua kwa muda kama huo bila kukatika, na utakuwa unawafukuza wasikilizaji kwa mkono wako.

Wakati huo wa kusubiri, msikilizaji anasikia nini? Bila mpango, hakuna kitu, na programu nyingi za simu hujifunga na hazirudi zenyewe. Dawa ni fallback-mount: kwenye sehemu ya mount ya /redio unaandika kwamba mrushaji akitoweka, wasikilizaji wahamie /akiba, na fallback-override iwe 1 ili studio ikirudi wao pia warudi. Mkondo wa akiba urushwe kutoka kwenye seva yenyewe, kwa Liquidsoap au programu ndogo kama ezstream, ili usitegemee intaneti ile ile iliyokatika. Sharti ambalo halivunjiki: kodeki, sampuli na idadi ya chaneli za akiba ziwe sawasawa na za mkondo mkuu. Mkuu ukiwa mono 44100 na akiba stereo 48000, baadhi ya simu zitanyamaza, nyingine zitapiga kaswida kwa kasi ya katuni.

Tovuti ya kituo ikiwa ya https, mkondo wa http kwenye poti 8000 utazuiwa na vivinjari, na ofisi nyingi nazo zimefunga poti hiyo. Weka Nginx, programu ya seva ya tovuti, mbele ya Icecast ipokee wasikilizaji kwenye poti 443, na zima proxy_buffering. Studio iendelee kuingia moja kwa moja kwenye 8000. Fahamu tu kwamba baada ya hapo kumbukumbu za Icecast zitaonyesha wasikilizaji wote wanatoka 127.0.0.1, takwimu za nchi zitafutwe kwenye kumbukumbu za Nginx.

Simu za wasikilizaji zinawezekana kwenye MG10XU, japo kwa kujitengenezea. Sauti ya anayepiga iingie chaneli 5/6 kwa line. Yeye asirudishiwe mchanganyiko mzima, maana atajisikia mwenyewe na kuanza kugugumia. Mpe kinachotoka FX SEND, tundu la miksa linalotoa mchanganyiko wa pembeni: fungua nobu ya FX kwenye chaneli za maiki tu, ya chaneli 5/6 ibaki sifuri, na nobu ya kurudisha madoido ya ndani nayo ishushwe kabisa ili maiki zisipate mwangwi wa ukumbini. Kiwango cha FX SEND ni kikubwa mno kwa tundu la maiki la simu, kwa hiyo tumia kebo yenye kipunguzi cha sauti. Mvumo wa umeme ukitokea chaja ya laptopu ikichomekwa, weka laptopu na miksa kwenye soketi moja ya ukuta kabla ya kununua chochote.

Kwa Tanzania, redio ya mtandaoni inahitaji leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, chini ya kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020, na ombi hilo lisiachwe mpaka vifaa viwe mezani.

Asiyefaa kununua seti hii ni mtu wa maiki moja anayerushia sebuleni. Kwake Behringer UMC22 inatosha: tundu moja la maiki, umeme unatoka kwenye USB, na umeme wa nyumba ukikatika laptopu inaendelea kuilisha. Akumbuke kuchagua mono kwenye butt, kwa sababu maiki ya UMC22 inaingia upande wa kushoto tu, na msikilizaji wa hedifoni atadhani sikio lake la kulia limeziba. Anayetaka ratiba ya nyimbo usiku kucha bila mtu, naye asiilaumu butt kwa kutokuwa nayo. AzuraCast imetengenezwa kwa kazi hiyo, ila inataka seva kubwa zaidi.

MG10XU haina bahati hiyo ya umeme wa USB. Inatumia adapta yake, PA-10, inayotoa umeme wa AC kwa kiunganishi cha pini 3, kwa hiyo betri ya volti 12 au chaja ya ruta haiwezi kuiokoa. Miksa na ruta kwa pamoja hula wati thelathini na kitu. UPS ndogo yenye betri ya volti 12 na saa-ampea 7 itazibeba karibu saa moja ikiwa mpya, laptopu ikijitegemea kwa betri yake. Adapta ya akiba kuipata kwa haraka si rahisi mbali na miji mikubwa. Fungua boksi pale pale dukani, hasa ukinunua iliyotumika, uone PA-10 imo na nati yake ya kufungia bado inazunguka.